Jino Zima

Kazini kwangu hakuna majina. Anayekuja kuzungumza hupewa namba, namba huandikwa kwenye jalada, na jalada hufungiwa kabatini. Ufunguo nauvaa shingoni. Karani wetu, ambaye jengo zima linamwita Redio kwa sababu hanyamazi tangu anapofungua dirisha asubuhi hadi anapolifunga jioni, hajawahi kumtaja mteja hata mmoja. Ataimba, atamsema mkwewe, atakusimulia ndoto zake zote pamoja na alizoota kaka yake. Lakini jina la mteja, hata umchome sindano hulipati.

Sheria ya pili ni ya milango. Mteja huingia kwa mlango wa mbele, unaotazamana na benchi la koridoni, na hutoka kwa mlango wa nyuma na kushuka ngazi za chuma. Kati ya mtu na mtu tunaacha robo saa, ili wawili walioleta siri zao wasikutane uso kwa uso. Benchi tunalitumia pamoja na daktari wa meno, jirani yangu, ambaye naye ana mlango wa nyuma kwenye ngazi zile zile. Kwa hiyo aliyeketi pale akiulizwa anaweza kusema amefuata jino. Wengi husema hivyo.

Sheria ya tatu imebandikwa ukutani, juu ya kiti changu, mahali ambapo mteja anaiona na mimi siioni: Mshauri hachagui. Watu wanaokuja kwangu, nyumbani kwao wanatakiwa hivi, na mioyo yao inataka vile. Simwambii mtu baki, simwambii mtu nenda. Namuuliza maswali mpaka ajisikie mwenyewe anachosema. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na miwili, na watu hunisifu kwa utulivu. Mwaka huu walinisifu kuliko miaka yote, kwa sababu nilikuwa sihisi kitu.

Baba alifariki miezi minne kabla ya haya ninayoyasimulia. Nilikaa naye miaka ishirini. Mama alipotutoka nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshapata nafasi ya kwenda kusomea uchoraji wa ramani, sanduku limeshafungwa. Nikalifungua, nikarudisha nguo kabatini. Hakuna aliyeniambia nibaki. Niliona tu kwamba mtu mzima hawezi kuachwa peke yake na sufuria.

Wiki tatu kabla ya kufa, nikiwa namkata kucha, baba aliniambia bila hasira yoyote, "Siku ile ungeondoka, na mimi ningekwenda kukaa na ndugu yangu. Tulikuwa tumeshapanga. Lakini ningekwambiaje, na wewe ulikuwa umeshabaki?"

Nilimaliza mkono wa kushoto, nikahamia wa kulia. Msibani shangazi zangu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza, hapakuwa na cha kukaza. Nilirudi kazini baada ya wiki moja, nikaendelea kuuliza maswali.

Namba 41 alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, fundi wa viungo bandia hospitalini. Anawatengenezea miguu watu waliokatwa miguu. Kucha zake zilikuwa na unga mweupe wa plasta usiotoka hata akisugua, na alikuwa na tabia ya kuangalia viatu vya kila anayepita ili aone anavyokanyaga. Mara ya kwanza aliniambia kwamba natupia uzito upande wa kulia. Nilimjibu kwamba mguu wangu haukupewa namba, akacheka.

Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma nchi ya mbali, miaka mitatu, ajifunze kutengeneza mikono. "Mguu ni wa kusimamia tu, dada," alinieleza. "Mkono lazima ushike. Nikiona mtu anashika kijiko kwa mkono nilioutengeneza mimi, hata nife siku ile." Jibu lake lilitakiwa litumwe kwa posta kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwisha. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine, na hakuna ahadi ya pili.

"Kwa hiyo kinachokuzuia ni nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua. Wote huzuiwa na mtu mmoja.

"Mama. Hana mwingine ila mimi. Tangu baba afariki ni mwoga, ila hasemi. Kila siku kabla ya kulala anakohoa mara mbili, mimi namgongea ukuta mara mbili, ndipo anazima taa. Nikiondoka atamkoholea nani?"

Niliandika. Kalamu ilikwenda vizuri.

Namba 58 alikuja wiki mbili baadaye. Alikuwa mama wa miaka sitini na tatu, fundi cherehani, amevaa gauni ambalo mishono yake safi ingemtia aibu fundi yeyote mjini. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuambiwa ainuke. Ilimchukua nusu saa kufika kwenye neno lenyewe, na alipofika aliziba mdomo kwa kiganja. Kulikuwa na seremala. Alikuwa ameitwa kurekebisha mlango wa jikoni, akarudi mara tatu ingawa mlango ulipona siku ya kwanza. Naye kafiwa na mkewe. Sasa alikuwa anafunga karakana na kurudi mji wa kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alitaka waoane waende pamoja.

"Unampenda?" nilimuuliza.

"Mwanangu, kwa umri huu?" Kisha akatazama mapaja yake. "Nampenda sana. Nikisikia mtu anapiga misumari huko nje, mate yananikauka. Lakini binti yangu hajaolewa, mimi niolewe? Na halafu nimwache na nani? Mtoto yule mwoga. Tangu baba yake afe hapati usingizi mpaka ajue niko macho. Nakohoa mara mbili, naye ananigongea ukuta mara mbili, ndipo moyo wake unatulia. Nikiondoka atamgongea nani?"

Hapo kalamu yangu ilisimama.

Nilimtazama vizuri. Paji la uso lilikuwa lile lile. Nilitakiwa siku ile ile kumpeleka kwa mwenzangu wa mtaa wa pili, bila kumwambia sababu, kwa maana hatuwahudumii watu wawili wa nyumba moja bila wao kujua. Hiyo ni sheria na ina akili. Sikumpeleka. Nilimwambia aje tena Jumatano.

Kwa wiki tatu niliwasikiliza wote wawili, kila mmoja akinibebea nusu ya nyumba ile. Nilimuuliza binti kama angependa kuja na mama yake siku moja tuzungumze sote. Akashtuka. "Mama akijua nimekaa kwa mtu baki namzungumza yeye, hatanisamehe." Nilimuuliza mama swali lile lile kuhusu binti yake. "Nimwambie mwanangu nataka mume? Bora unizike." Siri ya mtu si yangu, hata kama siri mbili zikiwekwa mezani zinafutana. Wale watu walikuwa wanachungana kama mahabusu wawili, kila mmoja akidhani yeye ndiye askari. Nilikuwa nimewachukia kidogo, sitaficha. Nilitaka mmoja wao afungue mdomo kabla hajajikuta anamkata mtu kucha, kama mimi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nilimwambia Redio awaandike wote wawili Jumanne saa nne.

Redio aliangalia daftari, akaniangalia mimi. "Dada, hapo umekosea."

"Sijakosea."

"41 saa nne na 58 saa nne?"

"Andika."

Akaandika. Kisha akanyamaza mchana kutwa, na watu wa ghorofa ya chini walipanda kuuliza kama anaumwa.

Jumanne mama alifika mapema, akaketi benchini na mkoba wake magotini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu, nimeuacha wazi kiasi cha kidole. Sikuwa na wasiwasi wala furaha. Nilikuwa nasubiri tu, kama unavyosubiri maji yachemke. Saa nne kasoro dakika mbili nikasikia viatu vyepesi ngazini.

"Mama?"

"Ee! Mwanangu! Hukwenda kazini?"

"Nimekwenda. Wewe unafanya nini huku?"

Nilihesabu pumzi zangu. Semeni, nilisema moyoni. Semeni, mmoja tu aseme.

"Jino," mama alisema.

"Jino? Tangu lini?"

"Ah, siku nyingi tu. Sikutaka kukusumbua. Na wewe je?"

"Mimi... nimekuona unapanda ngazi, nikakufuata."

Nilifungua mlango. Wote wawili waligeuka na kunitazama kwa jicho moja, jicho la mtu anayeomba asitajwe. Hakuna aliyemshuku mwenzake, kila mmoja alikuwa na hofu yake inayomtosha. Redio aliinamisha kichwa mezani. Ningeweza kusema karibuni ndani nyote wawili. Sentensi nilikuwa nimeiandaa tangu Jumatatu.

"Samahani, dada," mama aliniambia. "Daktari wa meno ni hapa?"

"Hapana, mama," nilisema. "Ni mlango ule pale."

Binti alimshika mkono, akamvusha koridoni hatua nne kama mtu anayemvusha kipofu. Daktari wa meno, ambaye hakuwa na mteja asubuhi ile, aliwapokea kwa furaha.

Alikuja kwangu saa sita, akiwa na kitu kidogo kwenye pamba. Ni mtu wa mizaha, lakini hakutania. Aliweka pamba juu ya meza yangu.

"Mteja wako yule," alisema. "Usiniambie si wako, nimemwona akipita hapa Jumatano tatu. Jino hili zima. Halina tundu, halina doa. Nimemwambia, mama, hapa hakuna ugonjwa. Akanishika mkono, akaninong'oneza: ling'oe, mwanangu, binti yangu yuko hapo nje anasikia. Nikamwambia nitajifanya tu. Akasema hapana, huyu mtoto ni fundi, atataka kulitazama pengo."

"Ukaling'oa."

"Nikaling'oa." Akaketi. "Miaka kumi na tisa sijafanya jambo kama hili. Nimempiga sindano ya ganzi, nimeling'oa, binti ameingia, amemfuta mama yake mdomo, amelia. Umewafanya nini watu hawa?"

Nilimwambia siwezi kusema. Alitikisa kichwa akaondoka. Jino aliliacha. Lilikuwa na mizizi miwili mirefu, safi kabisa. Nilipaswa kujisikia vibaya, na nilijua hivyo vizuri kama ninavyojua tarehe. Nilifungua kabati, nikaliweka pamoja na pamba yake juu ya jalada la 58, nikafunga.

Ijumaa binti alikuja na bahasha. Barua ya kukataa ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kutiwa saini. Ofisi ya posta ilikuwa inafungwa saa kumi, na ilikuwa saa nane.

"Sikuja kuuliza," aliniambia. "Nimekuja kukushukuru, dada. Nilikuwa nusu ya kuondoka, nikwambie kweli. Jumatatu nilikuwa nimeshakata shauri kwenda. Halafu nikamkuta mama pale nje. Anaumwa jino siku nyingi, hasemi, anapanda ngazi peke yake kama yatima. Kama anaficha jino, anaficha mangapi mengine?"

"Umemuuliza?"

"Atasema hakuna."

"Muulize hata hivyo. Usimuulize kuhusu jino. Muulize angependa kuishi vipi kama wewe usingekuwepo."

Alinitazama kama nimemtukana. "Hilo si swali la kumuuliza mzazi."

Nilitazama saa. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwambia mteja jambo hata moja la nyumbani kwangu. Siku ile nilimwambia yote: sanduku, sufuria, kucha, na maneno ya baba neno kwa neno. Nilisimulia kwa sauti ile ile ninayoulizia umri na anwani. Labda kosa lilikuwa hapo. Mtu anayesimulia msiba bila kupepesa jicho haogopeshi mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ana moyo mzuri, aliweka mkono wake wenye plasta juu ya wangu.

"Pole sana, dada," alisema. "Lakini mama yangu si kama baba yako."

Kulikuwa na jibu moja tu la kweli, na halikuwa langu kulitoa. Lilikuwa limefungiwa kabatini, mita moja nyuma ya mgongo wake. Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu, nikauhisi ulivyo baridi.

"Nikopeshe kalamu," alisema.

Nikampa. Akatia saini juu ya meza yangu, akapuliza wino ukauke, akalamba bahasha. Aliniaga kwa heshima, akashuka ngazi za chuma. Nilisikia kila hatua, jinsi anavyokanyaga sawasawa, uzito pande zote mbili.

Jumatano iliyofuata mama alikuja kwa kupitia mlango wa nyuma. Daktari wa meno alikuwa amemwingiza kwake kwa mbele na kumtoa kwa nyuma, kwa sababu binti alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amsindikize kuangaliwa kidonda. Binti alikuwa ameketi kule koridoni na chupa ya uji, anasubiri.

"Nina dakika kumi," mama aliniambia. Shavu lilikuwa limeshapungua uvimbe. "Nimemkatalia seremala. Ameondoka jana."

"Kwa nini, mama?"

"Kumbe binti yangu alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma. Nchi za watu huko, kutengeneza mikono. Nimeiona nakala ya barua yake mezani, aliiacha wazi. Amekataa kwa ajili yangu. Kwa ajili ya jino." Aliligusa shavu, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika, ingawa sikujua alimkasirikia nani. "Ningejua siku moja kabla, mwanangu. Siku moja tu. Ningemfungia sanduku kwa mikono yangu, na mimi nikafunga langu."

"Mwambie sasa. Mwambie kila kitu. Pengine ataomba tena mwaka mwingine."

"Hawatoi mara mbili, ameandika mwenyewe." Alitazama chini. "Na nitamwambiaje, na yeye ameshabaki?"

Sikujua kwamba nalia mpaka nilipoona karatasi iliyo mbele yangu imelowa. Haikuwa kilio cha heshima. Kilitoka na sauti, kikatoka na makamasi, na Redio kule nje akaanza kuimba kwa nguvu ili benchi lisinisikie. Nilimlilia baba yangu, nikiwa nimechelewa miezi mitano, mbele ya mteja, saa za kazi. Mama wa watu aliinuka, akaja upande wangu wa meza, akanifuta uso kwa leso yake.

"Nimekuudhi nini, mwanangu?"

Nilimwambia. Kwa ufupi, kwa kwikwi, lakini nilimwambia. Kwamba nilibaki. Kwamba baba alitaka niondoke, na kwamba aliniambia wiki tatu kabla ya kufa, nikiwa nimeshika kucha zake.

Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, mzito na mkavu, una vidonda vya sindano kwenye ncha za vidole.

"Hakukutendea haki," alisema mwishowe. "Angenyamaza. Mtu akishakupa miaka yake, humwambii kwamba hukuitaka." Akavuta pumzi. "Mimi nitanyamaza. Hata nikiugua, hata akili zikinitoka, namwomba Mungu anifunge mdomo. Mtoto wangu hatakaa mahali akalia hivi."

Nilitaka kumwambia kwamba sivyo. Kwamba sikumsimulia kwa sababu hiyo. Lakini alikuwa ameshaamua, na niliona uso wake umetulia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Juu ya kichwa changu maandishi yalikuwa palepale.

"Una pamba?" aliniuliza.

Sikuwa na pamba. Nilifungua kabati, na juu ya jalada la 58 kulikuwa na ile ya daktari. Nilikunjua, nikalitoa jino, nikashika pamba hewani bila kujua kama nimpe. Alitazama jino, akanitazama mimi. Hakuuliza lilifikaje pale. Aliichukua pamba, akageuza upande usio na damu, akaiweka ndani ya shavu, akaibana kwa meno mpaka shavu likavimba kidogo.

"Linaonekana?" aliuliza, maneno yakimtoka kwa upande.

"Linaonekana, mama."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapitia kwa daktari. Nilimsikia binti akiinuka benchini. "Inauma sana?" aliuliza, na mama akamjibu kwamba inauma, ila si sana, wakashuka pamoja, polepole, binti akiwa amebeba mkoba na chupa ya uji.